Usiku Unalalia Mito Mingapi?

Mwenye presha akikutana na wenzake Soko la Toi, soko la mitumba jijini Nairobi, huulizwa namba: ngapi juu ya ngapi? Mimi ningemuuliza kwanza analalia mito mingapi.

Presha ikikaa juu miaka mingi, moyo husukuma damu kwa kujilazimisha. Ukuta wake hunenepa, hukakamaa, kisha huchoka, na majimaji huvujia kwenye mapafu na miguuni. Mtu akilala chali pumzi humkatika. Akiketi hupata nafuu. Ndiyo maana anaongeza mto wa pili, kisha wa tatu, akilaumu vumbi la mitumba au baridi ya Julai. Vumbi laweza kukukohoza, lakini halikuvimbishi miguu.

Karibu kila kibanda kina daftari la madeni. Kurasa za nyuma ziandikie presha yako, kilo zako na idadi ya mito. Jipime uzito asubuhi, ukishakojoa na kabla ya chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji, si unene: nenda kliniki siku hiyohiyo. Huna mashine ya presha? Wahudumu wa afya ya jamii waligawiwa mashine hizo mwaka 2023 pamoja na vifaa vingine. Mtafute wa mtaa wenu, Makina au Kawangware.

Presha haipimwi ukiwa umesimama, jasho la kubeba beli bado linatiririka. Keti dakika 5, egemea, usipishanishe miguu, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Ikirudia 140/90 au zaidi siku tofauti, hiyo si uchovu.

Dawa humezwa kila siku, hata kichwa kisipouma. Inayorukwa zaidi sokoni ni ile ya kukojoza, kama Lasix, na sababu naielewa: choo ni cha kulipia na kibanda hakina wa kukilinda. Usiiache. Muulize daktari kama unaweza kuimeza alasiri ukishafunga biashara, mapema kiasi cha kutokukatiza usingizi. Amlodipini nayo huvimbisha vifundo vya watu wengine, na enalaprili huwaletea baadhi kikohozi kikavu. Lakini moyo mchovu pia huleta yote mawili, kwa hiyo usijiamulie; mwonyeshe daktari daftari.

Adui mwingine ni tembe za maumivu ya mgongo. Diklofenaki na ibuprofeni hubakiza chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na huulemea moyo. Mwambie mwenye duka la dawa una presha kabla hajakufungia chochote.

Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye soseji na viungo vya mchuzi vya pakiti. Mama wa chakula akijua hali yako atakupakulia sukuma wiki kabla hajatia chumvi. Mwombe tu.

Mtu akihema ghafla hata hawezi kumaliza sentensi, kifua kikimbana, au akikohoa povu la rangi ya waridi, usimlaze wala usimpandishe boda peke yake. Mketishe wima, miguu ikining'inia, mtafutie gari la kumfikisha hospitali ya Mbagathi au Kenyatta. Beba dawa zake zote, hata za kienyeji.