"Niko Njiani": Fundisho la Begi la Mgongoni



Kijana mwenzangu, leo tuanze na maneno mawili tunayoyasema karibu kila siku: "Niko njiani." Mtu anakupigia simu, wewe bado uko chumbani unatafuta soksi, unamjibu, "Niko njiani." Tunacheka, kwa sababu kila mmoja wetu ameshasema hivyo. Mimi niliyasema Ijumaa moja jioni nikiwa nimekaa mchangani Bagamoyo, na hadi leo yananifundisha.

Safari yenyewe ilivyokuwa

Nilikuwa kwenye mwaka wa kichungaji baada ya kumaliza falsafa, na kazi yangu kubwa ilikuwa katika kigango kimoja huko Rungwa, kusini mwa mkoa wa Singida. Kama hujawahi kufika, Rungwa ni njia panda. Ukitoka Mbeya kupitia Chunya na Makongolosi unafika hapo, halafu barabara moja inapanda kwenda Itigi na nyingine inakwenda Sikonge hadi Tabora. Kuna miombo, mizinga ya nyuki, ndorobo wasiojua huruma, na Pori la Akiba lenye jina hilohilo la Rungwa. Bahari kule ni picha ya kwenye kalenda ukutani.

Nilipewa ruhusa ya wiki moja kwenda Tanga kwenye harusi ya dada yangu. Kabla sijaondoka nilimwahidi katekista: Jumamosi jioni nitakuwa nimerudi, Jumapili nitaongoza Ibada ya Neno, kisha nitakaa na watoto wa Komunyo ya Kwanza tumalize somo la Kitubio. Kigango chetu padre hafiki kila Jumapili, kwa hiyo ahadi ya namna hiyo watu wanaishika.

Harusi ilipokwisha sikupanda basi la moja kwa moja. Nilivaa begi langu mgongoni nikaamua kushuka na njia ya pwani: Tanga hadi Pangani, halafu kusini kupitia Mkwaja na Saadani hadi Bagamoyo. Jamani, nchi yetu ni nzuri! Kuna mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama daftari, minazi, na ghafla bahari inachungulia katikati ya nyumba za makuti. Pangani nilivuka mto kwa kivuko hadi Bweni, nimebanana na baiskeli na ndoo za samaki. Kuna mahali nilitembea, kuna mahali nilipanda bodaboda, kuna mahali dereva wa lori alinionea huruma. Saadani, ambako wanyamapori hufika hadi ufukweni, hapo hutembei ovyo, unapanda chombo na kutulia.

Nilipiga picha nyingi sana. Nilimshukuru Mungu pia, sisemi uongo. Ila shukrani zilikuwa zinapungua kadiri picha zilivyoongezeka.

Ijumaa asubuhi nilipaswa kuondoka Bagamoyo ili niwahi. Sikuondoka. Nilitaka kuona jua la Jumamosi likitoka baharini, kwa sababu la Ijumaa lilifunikwa na mawingu. Jioni katekista akatuma ujumbe: "Frateri, umefika wapi?" Nikamjibu: "Niko njiani."

Jua lilitoka, picha ikawa kali kwelikweli. Rungwa nilifika Jumapili, saa tisa alasiri.

Nilimkuta katekista anafunga mlango wa kigango. Chini ya mti alikuwa amebaki bibi mmoja ambaye nyumbani kwake ni mbali. Huwa anaondoka alfajiri ili awahi ibada. Katekista akanieleza kwamba watu walinisubiri hadi mchana. Kwa kuwa nilisema niko njiani tangu Ijumaa na bado sijafika, wakaogopa kwamba gari limepata ajali. Basi wakapiga magoti, wakasali Rozari nzima wakiniombea. Watoto pia.

Bibi akasimama polepole, akafungua fundo la kanga yake, akanipa karanga alizonibebea. "Pole na safari, Frateri. Mungu amesikia, umefika."

Sikuwa na la kumjibu. Walikuwa wamenililia kwa Mama Maria, kumbe mimi nilikuwa nasubiri mawingu yasogee.

1. Njia hupimwa kwa mwisho wake

Darasani tulisoma kwa Aristotle kwamba mwendo unaujua kwa kuangalia unaelekea wapi. Mtakatifu Thomas wa Akwino akaichukua hoja hiyo mbali zaidi. Anamwita mwanadamu aliye duniani "msafiri", yaani mtu ambaye bado hajafika, lakini ameelekezwa kwa Mungu kama mwisho wake. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri tu. Lakini aliyenielewesha ni bibi mwenye karanga.

Tazama tofauti yetu. Mimi nilikwenda mamia ya kilometa, na kwa siku moja nzima nilikuwa nimeketi huku nikijiita msafiri. Yeye alitembea njia ileile ya vumbi anayoitembea kila Jumapili, bila mandhari na bila picha, na kila hatua yake ilikuwa inamkaribia Kristo. Kati yetu wawili, nani alikuwa njiani?

Wakristo wa kwanza waliitwa watu wa "Njia ile" (Mdo 9:2), na Yesu mwenyewe alijiita Njia (Yn 14:6). Kwa hiyo Mkristo anaposema "niko njiani" anasema jambo zito. Unaweza kuzunguka dunia nzima usiwe njiani, na unaweza kuwa kitandani unaumwa, hujatoka nje mwezi mzima, na ukawa njiani kwelikweli.

2. Uzuri wa dunia si dhambi

Usinielewe vibaya. Sisemi kijana Mkatoliki asisafiri, akae nyumbani na kitabu cha sala tu. Kitabu cha Hekima, sura ya 13, kinafundisha kwamba kwa ukuu na uzuri wa viumbe tunaweza kumtambua aliyeviumba. Bahari ya Pangani ni mahubiri. Hata miombo ya Rungwa inapotoa majani mekundu kabla ya mvua ni mahubiri.

Lakini sura hiyohiyo inawalaumu wale waliofurahia uzuri wakaishia hapo, wasimfikie Bwana wa vitu hivyo. Huo ndio mtego. Kosa langu halikuwa kulipenda jua. Kosa ni kwamba jua lilichukua nafasi ya watu niliowaahidi, na nililinda nafasi hiyo kwa neno la uongo. Ipime furaha yoyote hivi: je, inakurudisha kwa Mungu na kwa jirani ukiwa na moyo mpana zaidi, au inakufanya uone watu wanaokusubiri kuwa ni usumbufu?

3. Paulo naye alitembea njia ya pwani

Fungua Matendo ya Mitume 20:13-14. Watu wengi huipita mistari hii haraka. Wenzake Paulo wanapanda merikebu kutoka Troa kwenda Aso, lakini yeye anachagua kwenda kwa miguu. Usiku uliotangulia alihubiri hadi alfajiri, na kijana Eutiko alianguka kutoka dirishani akainuliwa hai. Biblia haituelezi kwa nini alitaka kutembea peke yake. Mimi napenda kufikiri kwamba alihitaji kusali.

Mtume, basi, aliona si vibaya kuacha chombo na kutembea. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, wenzake walijua, maana alikuwa amewaagiza wampokee Aso. Pili, alifika Aso, wakamchukua, safari ikaendelea, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuwahi Yerusalemu kwa Pentekoste (20:16). Alipata upweke wake bila kumwacha mtu gizani. Hicho ndicho nilichokosa mimi: ningemwambia katekista ukweli, angepanga ibada bila mimi, na watoto wasingelia.

4. Bagamoyo: kubwaga au kukata moyo?

Jina la Bagamoyo wazee hulieleza kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni mahali pa kubwaga moyo, yaani kupumzika: wapagazi waliotoka bara na mizigo mizito walituliza mioyo yao walipofika pwani. Wengine wanakumbuka watumwa, ambao kwao pwani ilikuwa mahali pa kuuacha moyo nyuma, maana mbele kulikuwa na jahazi la kwenda utumwani. Ufukwe ni mmoja, na safari ni mbili tofauti kabisa.

Hapo ndipo wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni mwaka 1868, wakiwapokea waliokombolewa utumwani. Na hapo ndipo, Juni 1878, msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika ulipoanzia kwenda bara kwa miguu. Walikuwa kumi, pamoja na wapagazi wengi ambao majina yao hatuyajui. Padre Joachim Pascal alifariki njiani mwezi Agosti, kabla ya kufika Tabora. Misafara ya njia hiyo ilipita Ugogo na kuingia pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, kaskazini ya Rungwa yetu. Wenzake waliendelea, na Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans wakafika Uganda.

Nilikaa mchangani mahali walipoanzia watu hao, nikiwa na begi lepesi na nauli mfukoni, nikashindwa kuwahi Ibada ya Neno! Wao hawakuwa na miguu ya chuma. Walijua kuna watu mbele yao wa kufikiwa.

Nilivyorekebisha

Nilikwenda kuungama. Halafu Jumapili iliyofuata, kabla ya kuanza, niliwaambia waamini ukweli wote: kwamba gari halikuharibika, nilibaki kupiga picha. Kigango kilikaa kimya kidogo. Katekista akasema, bila kucheka, "Basi Rozari yetu haikupotea, Frateri. Tulimwombea mtu aliyepotea njia." Hapo ndipo watu walicheka, na mimi nikaweza kuendelea. Watoto wakapata somo lao la Kitubio, safari hii likiwa na mfano hai mbele yao.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuvaa begi

1. Nakwenda kwa nani, au nakimbia nani?
2. Nani ananisubiri, na je, nimemwambia ukweli?
3. Nikirudi, nitakuwa na nini cha kuwapa wengine zaidi ya picha?

Zoezi la wiki hii: chagua mtu mmoja uliyemwambia "niko njiani" ukamwacha anasubiri. Labda ni mzazi, labda ni rafiki mgonjwa, labda ni Yesu katika kitubio ulichokiahirisha tangu Kwaresima. Ondoka leo. Ukifika umechelewa, fika hivyohivyo.

Tusali

Ee Yesu uliye Njia, asante kwa barabara, bahari, misitu na vumbi. Utusamehe tulipojiita wasafiri kumbe tumeketi. Uwalinde wote walio safarini, na uwape moyo wanaotusubiri. Mama Maria, uliyekwenda kwa haraka milimani kumsaidia Elizabeti, tufundishe kuondoka mapema na kufika na upendo. Amina.

Tukutane katika fundisho lijalo. Na ukipita Rungwa ukakuta watu wanaelekea ibada, wape lifti.