Umilikishi wa Nomino: Kutoka A-Unganifu ya Kiswahili hadi Ritifaa ya Kiingereza

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza namna mwanafunzi anayeanza Kiingereza anavyoonyesha umilikishi wa nomino. Mifano inatokana na mazingira ya Kigoma na Ujiji, ambako wengi huzungumza Kiha, Kiswahili, au lugha zote mbili. Katika shule za msingi za serikali lugha ya kufundishia kwa kawaida ni Kiswahili; katika sekondari ni Kiingereza. Asiyemtambua mmiliki katika tungo ya Kiingereza hupotoka hata katika historia na biolojia.

2.0 Mpangilio wa Maneno

Katika Kiswahili kinachomilikiwa hutangulia na mmiliki hufuata. A-unganifu hupatana kisarufi na kinachomilikiwa: mtumbwi wa mvuvi, kasia la mvuvi, nyavu za mvuvi. Kiha, kikiwa lugha ya Kibantu, hufuata utaratibu huohuo. Kiingereza hugeuza: mmiliki hutangulia, naye ndiye hubeba alama, yaani "the fisherman's canoe". Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno huandika "the canoe's fisherman". Tungo hii haina kosa la tahajia, lakini sasa mtumbwi ndio unaommiliki mvuvi. Vivyo hivyo, nyavu za rafiki wa mvuvi huwa "the fisherman's friend's nets": mnyororo mzima husomwa kinyumenyume. Kiini cha tatizo, basi, ni mpangilio kabla ya alama.

3.0 Ritifaa

Mwanafunzi ameizoea ritifaa kama alama ya sauti: ng'ombe, ng'ambo ya ziwa. Katika tungo za Kiingereza zinazojadiliwa hapa, huonyesha umilikishi, na mahali pake hubainisha idadi. "The boy's nets" ni nyavu za mvulana mmoja. "The boys' nets" ni za wavulana wengi. Matamshi ni yaleyale. Tofauti huonekana katika maandishi tu. Wingi usioishia na s huongezewa ritifaa na s: "the fishermen's nets".

4.0 Mipaka ya A-Unganifu

Si kila a-unganifu huonyesha umilikishi. Mtumbwi wa mbao hutaja malighafi. Wavu wa dagaa hutaja matumizi. Kipimo chepesi ni kuweka kimilikishi mahali pa nomino ya pili. Mtumbwi wa mvuvi ni mtumbwi wake. Mtumbwi wa mbao haukubali badiliko hilo, na Kiingereza husema "a wooden canoe". Aidha, nomino ya pili ikitaja kitu kisicho na uhai, mara nyingi Kiingereza hutumia "of": ufuko wa ziwa ni "the shore of the lake". Mpangilio huu unafanana na wa Kiswahili, na ndiyo sababu wanaoanza huutumia kupita kiasi.

5.0 Hitimisho

Inafaa mwalimu atangulize swali "Mwenyewe ni nani?" kabla ya kufundisha ritifaa. Mwanafunzi akishamtaja mwenyewe na kumweka mbele, alama hupata mahali pa kukaa.