Somo la Nne: Kupima Ahadi za Kampuni Ndogo Inayotafuta Shaba

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa dagaa wa Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mwenye akiba ya shilingi milioni 2. Anafikiwa na mtu aliyebeba jiwe lenye madoa ya kijani, anayemweleza kwamba kampuni ndogo imegundua shaba na kwamba hisa zake zitapanda bei kabla ya mwezi kwisha. Somo hili linaeleza mambo manne anayopaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha.

1. Kutafuta si kuchimba

Leseni ya utafutaji humpa mwenye nayo haki ya kutafuta madini katika eneo fulani kwa muda maalumu. Haimpi haki ya kuchimba na kuuza. Kampuni ya namna hii haina mauzo. Huishi kwa fedha za wenye hisa. Miamba ya Kapalagulu, karibu na mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa mji wa Kigoma, imechunguzwa na kampuni mbalimbali kwa miongo mingi kwa ajili ya nikeli, shaba na platinamu, lakini utafiti huo haujazaa mgodi mkubwa. Kuwapo kwa madini ni jambo moja. Kuchimbika kwa faida ni jambo jingine.

2. Jiwe moja si mlima

Rangi ya kijani ni dalili ya shaba, wala si kipimo cha wingi wake. Mwamba wenye shaba asilimia 1 hutoa kilo 10 tu kwa kila tani, kabla ya hasara za uchenjuaji. Jiwe lililookotwa kwa kuchaguliwa laweza kuonyesha asilimia 15, nalo lisiwakilishe chochote zaidi ya jiwe lenyewe. Uliza: mashimo mangapi yamechorongwa, shaba imeonekana katika urefu wa mita ngapi, na maabara gani huru imepima sampuli?

Swali hili si la kumvunjia mtu heshima. Mwaka 1997 ilibainika kwamba sampuli za kampuni ya Bre-X ya Kanada, iliyodai kugundua dhahabu nyingi huko Busang, Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Hisa zilizothaminiwa kwa mabilioni ya dola zikawa hazina thamani.

3. Fungu lako laweza kupungua

Ukiwa na hisa 1,000 kati ya 100,000, unamiliki asilimia 1 ya kampuni. Fedha za uchorongaji zikiisha, kampuni ikauza hisa mpya 100,000 kwa watu wengine, umiliki wako unashuka hadi asilimia 0.5, ingawa hukuuza hata hisa moja. Kwa hiyo soma hesabu za kampuni: ina fedha kiasi gani, inatumia kiasi gani kwa mwezi, na ni kiasi gani kinaishia katika mishahara ya wakurugenzi badala ya uchorongaji?

4. Nani anamtambua muuzaji?

Hisa zinazouzwa kwa umma nchini huhitaji waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), na dalali wa hisa huhitaji leseni ya Mamlaka hiyo. Leseni ya madini huthibitishwa Tume ya Madini. Nenda ukaulize mwenyewe. Usitosheke na nakala uliyoonyeshwa. Anayekuharakisha usiulize amekwisha kukupa jibu.

Zoezi

Andika majibu ya maswali haya kabla ya kulipa:
(a) Je, kampuni ina leseni ya aina gani, na inakwisha lini?
(b) Je, matokeo ya maabara yanahusu mashimo au mawe ya kuokota?
(c) Je, nikipoteza fedha hii yote, ada za watoto na mtaji wa biashara vitabaki salama?

Iwapo jibu la (c) ni hapana, fedha hiyo si ya kuwekezwa katika utafutaji wa madini. Hifadhi risiti na mikataba yote, kwani wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.