Mteremko Haufyekwi Kama Uwanja

Masika yakikaribia, watu wa bara ya Mombasa huanza kutafuta vijana wenye mashine ya kufyeka. Vichaka vimefunga miteremko ya Mikindani na Chaani inayoshukia majini, ya Mtongwe upande wa Likoni na ya Nguu Tatu kule Kisauni, na agizo huwa lile lile: safisha mpaka udongo uonekane. Agizo hilo nalipinga. Mteremkoni mashine inapunguza kichaka. Haipaswi kuuacha udongo uchi. Sehemu kubwa ya Changamwe, iliko Chaani, imekaa juu ya mwamba laini wa tabaka tabaka, unaohimili ukiwa mkavu na kumeguka ukilowa, na mvua yetu kubwa huanguka Aprili na Mei. Mizizi ndiyo inayoufunga udongo wa juu, majani ndiyo yanayovunja kishindo cha tone. Vikiondoka vyote, matope hushuka hadi kwenye mikoko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoleta mashapo kwenye hori ya Mwache, magharibi ya Port Reitz, mikoko mingi ilifukiwa ikafa. Mashapo yale yaliletwa na mto, lakini mkoko hauulizi matope yametoka wapi.

Kwa hiyo fyeka kati ya Januari na mwanzo wa Machi, ardhi ikiwa kavu na buti zinashika. Anzia chini, utembee kwa kukingama mteremko, kilima kikiwa mkono wako wa kulia. Mashine nyingi huzungusha kisu kinyume cha saa ukikitazama kutoka juu, na ukipepea kutoka kulia kwenda kushoto majani huangukia upande wa bonde, pale ulipokwisha kata. Nyasi ziache kimo cha shubiri moja. Kichaka chenye mti mgumu ni kinyume: kikate karibu na ardhi, bapa, bila ncha, kwa sababu anayeteleza huangukia visiki, na mizizi itabaki hata hivyo. Shina gumu usiliguse kwa ubavu wa mbele kulia wa kisu. Hapo ndipo mashine hupiga teke, na mteremkoni huna pa kurudi nyuma. Mtu mwingine asikaribie ndani ya mita 15, hasa Likoni, ambako mawe ya matumbawe yamejificha nyasini na kisu huyarusha kwa kasi. Chunguza upupu pia kabla ya kuwasha. Maganda yake yakikauka, mashine husambaza vinyweleo hewani, vikaingia shingoni, machoni na chini ya glavu. Huo ung'oe kwanza kwa mkono uliofunikwa vizuri, hewa ikiwa imetulia.

Wapo watakaosema shubiri ya nyasi ni maficho ya nyoka. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kufyeka kabisa ukanda wa karibu na nyumba, penye tambarare, kisha kuondoa rundo la takataka, ambalo nyoka hulipenda kuliko nyasi fupi. Wengine watasema moto au dawa ya magugu ni rahisi zaidi. Moto huacha majivu na udongo mtupu, tena jirani anaweza kuwa na paa la makuti. Dawa nyingi huua mizizi yenyewe, na mizizi ndiyo tunayoihitaji. Hoja yenye uzito ni ya panga: halihitaji petroli, na kijana wa mtaani anapata riziki. Nakubaliana nayo penye mwinamo mkali mno, mahali usipoweza kusimama wima bila kushika kitu. Hapo mashine izimwe, panga lichukue kazi.

Majani yaliyokatwa yalaze kwa mistari inayokingama mteremko, usiyachome. Na mwenye shamba, unapompa kijana kazi, mwambie mwenyewe kabla hajawasha mashine: nyasi zibaki shubiri moja.