Kusimbua na Kusimba Upya: Rekodi za Fasihi Simulizi katika Seva ya Nyumbani

Makala haya yanajadili kazi ya tarakilishi ambayo mtafiti wa fasihi simulizi huitegemea, aghalabu bila kujua jina lake: kuibadilisha video kutoka msimbo mmoja hadi mwingine papo hapo inapotazamwa. Tunalenga hasa seva ya nyumbani, yaani tarakilishi ndogo inayowaka usiku na mchana ikihifadhi rekodi na kuzipeleka kwenye rununu, vipakatalishi na runinga za nyumba hiyo. Tuchukulie kwamba mtafiti amerekodi lelemama kwa rununu yake na kuiweka rekodi katika seva, naye mama yake anataka kuitazama kwenye runinga ya zamani. Runinga inakataa. Hapo ndipo kazi hii inapoanzia.

Kishawishi cha kwanza ni kuiita tafsiri. Hatukubaliani na istilahi hiyo. Mfasiri hushughulika na maana, ilhali mashine hii haijui kama inashughulikia arusi au matanga. Nadharia ya mawasiliano tayari imetupa vitenzi viwili vinavyofaa, kusimba na kusimbua, navyo vinabainisha kuwa kazi yenyewe ina hatua mbili. Wakenya walikizoea kifaa cha hatua ya kwanza mwaka 2015, matangazo ya analojia yalipozimwa na familia nyingi zikalazimika kununua king'amuzi. King'amuzi husimbua tu, kisha huiachia runinga picha. Seva husimbua, halafu ikasimba upya kwa msimbo ambao mpokeaji anauelewa. Kung'amua peke yake hakutoshi.

Kwa nini video isimbwe hata kidogo? Hesabu yatosha kujibu. Picha moja yenye upana wa nukta 1920 na kimo cha nukta 1080, kila nukta ikichukua baiti 3, ina baiti 6,220,800. Picha 25 kwa sekunde ni takriban megabaiti 155, na saa moja ya ngoma hukaribia gigabaiti 560. Hakuna mtandao wa nyumbani wa kawaida unaoustahimili mzigo huo. Kwa hivyo msimbo huhifadhi picha nzima mara mojamoja, na baina yake hueleza yaliyobadilika tu: mikono ya wachezaji imesogea, ukuta ulio nyuma yao haukusogea. Msimbo wa H.264, ulioidhinishwa mwaka 2003, unaeleweka na takriban kila kifaa. Mrithi wake, H.265 wa mwaka 2013, ulikusudiwa kutoa ubora uleule kwa takriban nusu ya data, ila vifaa vingi vya zamani haviujui. iPhone ziliweza kurekodi kwa msimbo huo kuanzia mwaka 2017, na ndiyo asili ya mgogoro wetu wa runinga.

Kichakataji kikuu cha tarakilishi kinaweza kuifanya kazi hii kwa programu kama FFmpeg, lakini huelemewa, na mtazamaji hubaki akitazama picha inayokwamakwama. Suluhisho ni sakiti maalumu zilizochongwa kwa kazi hiyo pekee. Intel ilizileta mwaka 2011 kwa jina la Quick Sync, na Nvidia ikafuata mwaka 2012 kwa NVENC. Kizazi cha chipu ni muhimu: kwa vichakataji vya Intel Core, cha sita ndicho kilichoanza kusimba H.265 kwa maunzi. Tofauti ya njia hizi mbili ni kama ya kofia iliyodariziwa kwa cherehani na ile ya mkono. Cherehani humaliza mapema, ila hushona mitindo iliyowekewa tu.

Ugumu huzidi seva inapogawanywa kuwa mashine pepe kadhaa, kwa mfano kwa Proxmox, ili rekodi zikae kwake na kazi nyingine kwake. Istilahi za mwenyeji na mgeni zinatufaa hapa. Mashine pepe ni mgeni: huonyeshwa kadi ya picha ya kubuni, na chipu halisi haioni. Programu ya kusambaza video kama Jellyfin ikiwekwa humo, kazi yote humwangukia kichakataji kikuu, hata kama mwenyeji ana chipu nzuri iliyolala.

Njia moja ni kumkabidhi mgeni chipu nzima. Ukabidhi huo hudai maunzi yanayoweza kutenga kumbukumbu ya kila kifaa, ambayo Intel huyaita VT-d, nao una gharama: mwenyeji na wageni wengine hunyimwa chipu hiyo. Njia ya pili ni kontena, ambalo hutumia kiini cha mfumo wa mwenyeji badala ya kuwa na chake. Kontena hupewa tu faili ya kifaa, kwa kawaida /dev/dri/renderD128, na makontena kadhaa yanaweza kuishiriki kwa pamoja. Utengano wake ni dhaifu kuliko wa mashine pepe, lakini kwa nyumba ya kawaida tunaipendelea njia hii. Inapogoma, chanzo mara nyingi ni ruhusa: faili ipo, ila programu haimo katika kundi linaloruhusiwa kuifungua. Amri ya intel_gpu_top kwa mwenyeji itaonyesha kama sakiti za video zinafanya kazi kweli au la.

Sasa tufikie hatari yenyewe. Kusimba upya huku hupoteza data kila mara, na iliyopotea hairudi. Isitoshe, kwa kiasi kilekile cha data, usimbaji wa maunzi kwa kawaida hutoa picha duni kuliko ule wa polepole wa programu, ingawa vizazi vipya vimeupunguza mwanya huo. Jellyfin inaposimba kwa ajili ya mtazamaji huandika faili za muda tu, na rekodi asilia haiguswi. Tatizo huja mtafiti anapoufurahia wepesi huo, akasimba upya maktaba nzima ili kuokoa nafasi, kisha akafuta asilia. Vitu vya kwanza kufifia ni vile vidogo vyenye mwendo wa kasi: vidole, midomo, mishono ya leso. Kwa anayeamini kuwa ishara ya mwili ni sehemu ya matini, amefuta matini.

Manukuu nayo yahifadhiwe kama faili ya maandishi iliyo kando. Yakiwa ya picha, mara nyingi seva hulazimika kuyachoma ndani ya video, na hivyo kusimba upya bila sababu nyingine.

Na kabla ya kulaumu msimbo, mtu achunguze kasha. MKV na MP4 si misimbo bali ni makasha yanayobeba msimbo, na yamkini runinga inaujua msimbo ila hailijui kasha. Hapo FFmpeg huweza kuhamisha yaliyomo hadi kasha jingine bila kusimbua chochote. Ubora haupungui, na hata mashine pepe isiyo na chipu huimudu kazi hiyo.