Kuandaa Majaribio ya Programu ya Alama

Mwalimu atumiaye programu ya kompyuta kukokotoa alama hana budi kuipima kabla ya kuiamini, kwani kosa moja laweza kumnyima mtoto nafasi aliyoistahili. Lugha ya Python huja na chombo cha kupimia kiitwacho unittest. Humo huandikwa majaribio, yaani maswali ambayo majibu yake twayajua, na yote huendeshwa kwa amri moja.

Matayarisho ni machache, ila yana mtego. Chombo hutafuta majaribio kwa majina: jina la faili sharti lianze na herufi test, na la kila jaribio vivyo hivyo. Jaribio uliloliita "wastani" litarukwa kimyakimya, na mwishoni utasoma OK. (Ndivyo lilivyo daftari la mahudhurio lenye upungufu: asiyeandikwa haonekani kuwa hayupo.)

Basi soma kwanza idadi ya majaribio yaliyoendeshwa. Kisha iharibu programu makusudi: alama 360 za masomo 6 zigawanywe kwa 5, wastani utoke 72 badala ya 60. Jaribio lisipolalamika, halipimi kitu. Likilalamika, rudisha 6, uandike jaribio la mtoto aliyekosa mtihani mmoja. Je, agawiwe kwa 6 au 5? Hilo liamuliwe kwanza na walimu, kompyuta hailijui.