Pikapu Irukayo Njia ya Chorlim

*Bwana Fundi, pikapu yangu hubeba mahindi kutoka Endebess hadi Kitale, na mara nyingine hupanda mpaka lango la Chorlim, Mlima Elgon. Tangu mvua za masika inarukaruka kama mbuzi. Nimeambiwa ninunue springi mpya. Je, ni lazima? – Msomaji, Endebess*

Ndugu yangu, hofu yako ya kupoteza fedha kwa springi ambazo pengine hazina ila ni ya haki, kwani springi ikichoka gari huinama upande, bali gari liendelealo kuruka baada ya kuvuka shimo aghalabu huwa limeharibika shokomzoba, ambayo kazi yake ni kuituliza springi kwa kuilazimisha oili ipite katika vitundu vidogo, hata nguvu ya mtikiso ikageuka joto. Matope ya Mlima Elgon yakikaukia juu ya ufito wake hukwaruza sili, oili ikavuja. Na magunia yakizidi kiasi, oili hupata moto, ikatoa povu na kudhoofika.

Basi inama utazame: ukiona oili iliyogandamana na vumbi, shokomzoba hiyo imekwisha. Kandamiza kila pembe ya gari, kisha uachilie. Likipanda na kushuka zaidi ya mara mbili, ushahidi umetimia. Badilisha mbili kwa pamoja, za ekseli moja, lakini kwanza kagua bushi, ambazo ni rahisi na kelele zake husingiziwa shokomzoba.

Ikiwa za mbele zimevikwa springi, tafadhali usizifungue nyumbani, maana springi iliyobanwa yaweza kuua. Na usukani ukiyumba, au breki zikichelewa kushika, mwone fundi wa Kitale siku hiyo hiyo, bila mzigo.